Ubao wa Kupanda Mawimbi: Mdogo au Mkubwa?

SWALI: Kaka, mambo vipi. Niko Diani, nina kilo 82, na mwaka wa pili huu napiga kafi nikiwa nimesimama juu ya ubao wa futi 10 na inchi 6. Sasa nataka kupanda mawimbi huko nje ya mwamba, na washkaji wananiambia chukua wa futi 8. Nifanyeje?

JIBU: Poa sana ndugu yangu. Futi 8 subiri kwanza. Usiangalie urefu tu, angalia lita, yaani ujazo wa ubao, maana lita ndo zinakubeba, na kwa mtu anayeanza mawimbi mi napenda lita zizidi kilo zako kwa kama 35 hivi, kwa hiyo wewe tafuta wa lita 115 mpaka 120, futi 9 hivi, upana inchi 31. Ubao mdogo unakata kona vizuri kweli, ila kusi ikivuma maji yanachafuka na utachoka kusimama tu hata kabla wimbi halijaja, halafu hauna mbio, inabidi ulingoje wimbi karibu kabisa na linapovunjika, na pale chini ni mwamba. Ule mkubwa usiuze! Siku za mawimbi madogo ndo utaufurahia, unalidaka wimbi mapema likiwa bado halijavunjika, ila ukikushinda unaweza kumuumiza mwenzio, so kamba ya mguuni lazima, na maji yakianza kupwa rudi ndani.