Bei ya Nyumba ya Mtandaoni Haijawahi Kuingia Ndani

Tovuti inayokupa thamani ya nyumba kwa sekunde mbili haijaiona nyumba hiyo. Inachukua ukubwa, idadi ya vyumba, mwaka wa ujenzi na bei ya mauzo ya mwisho, kisha inalinganisha na zilizouzwa jirani. Paa lililochoka, bomba linalovujia ndani ya ukuta, jiko jipya: kama halikuandikwa popote, halimo.

Zillow ya Marekani, moja ya tovuti hizo, hutangaza yenyewe kiwango cha makosa yake: takriban asilimia 2 kwa nyumba zilizo sokoni, takriban 7 kwa zisizo sokoni. Wengi husoma hapo wakatulia. Lakini hicho ni kiwango cha katikati. Nusu ya nyumba zimekosewa kuzidi hapo. Kwa nyumba ya dola 300,000, asilimia 7 ni dola 21,000. Na kwa nini 2 hapa, 7 kule? Nyumba ikishatangazwa, programu huiona bei anayoitaka muuzaji na kuisogelea. Muuzaji anayetetea bei yake kwa namba hiyo anajitolea ushahidi mwenyewe. Novemba 2021 kampuni hiyohiyo ilitangaza kufunga biashara yake ya kununua na kuuza nyumba, ikikiri kwamba kutabiri bei kuliishinda kuliko ilivyotarajia.

Anza na kumbukumbu za nyumba yako kwenye tovuti. Linganisha mita za mraba, vyumba na mabafu ya kwenye tovuti na hali halisi. Gereji iliyogeuzwa chumba mara nyingi bado inahesabiwa gereji. Tovuti kadhaa humruhusu mwenye nyumba kusahihisha.

Kisha piga hesabu yako. Tafuta nyumba 3 hadi 5 zilizouzwa, si zinazotangazwa, ndani ya miezi 6, mtaa uleule, ukubwa usiopishana na wako zaidi ya asilimia 15. Mauzo baina ya ndugu na ya mnada yaache. Bei zake si za soko. Marekebisho yafanye kwenye bei ya nyumba iliyouzwa unayolinganisha nayo. Iliuzwa 310,000 na ina bafu ambalo yako haina, tuseme la thamani ya 8,000? Toa: 302,000. Ingekuwa yako ndiyo yenye bafu, ungejumlisha. Hapa ndipo watu hukosea, wanajumlisha pa kutoa.

Usizidishe tu bei ya mita moja ya mraba. Nyumba ya mita 120 kwa 300,000 ni 2,500 kwa mita, lakini ndani ya 2,500 hiyo kuna kiwanja, na mita 10 za ziada haziji na kiwanja chao. Ukiziwekea 25,000 kamili, umezidisha.

Tovuti tatu zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, kwa kawaida mauzo ya eneo hilo ni machache au nyumba haifanani na jirani zake. Hapo lipia mthamini aliyesajiliwa, hakikisha anaingia hadi darini, na umkabidhi orodha ya matengenezo yenye tarehe na risiti.