Mkuu, soma dakika kabla hujatoa hela

Mkuu, usimpe huyo jamaa hela. Umeandika kwamba Jumamosi unawaita wazee hapo Iringa mwangalie muvi ya Kingdom of Heaven, lile toleo refu, mwenye kibanda cha muvi kaahidi kukuwekea kwenye flashi, na unauliza ununue spika gani na kama runinga ya inchi 32 inatosha. Nimesoma tumbo likanikata, maana mimi yalinikuta hayo hayo Mwanjelwa, Mbeya, mwezi wa saba mwaka jana.

Kijana aliniambia, "Hii ndiyo ndefu, kaka, haina longolongo." Jina la faili lilisema hivyo pia. Nikalipa, nikarudi zangu Uyole. Baba mkwe akapanda gari kutoka Tukuyu kwa ajili ya muvi hiyo tu. Ni mwalimu mstaafu wa historia, Vita vya Msalaba kavifundisha miaka na miaka. Baridi ya Uyole unaijua. Tukajifunika mablanketi, tukaanza.

Mfalme Baldwin wa Nne wa Yerusalemu, yule mwenye ukoma, akafa. Mara Guy, shemeji yake, anavishwa taji. Mzee akasema, "Simamisha. Mtoto yuko wapi?"

Mtoto gani, baba?

Akanieleza taratibu: Baldwin wa Nne alifariki 1185, akafuata mpwa wake mdogo, Baldwin wa Tano, mwana wa dada yake Sibylla. Naye akafa 1186, ndipo Guy akapata kiti kupitia kwa mkewe, huyo huyo Sibylla. Sasa mtoto huyo ndiye waliyemwondoa kwenye toleo la majumba ya sinema la 2005! Bila yeye humwelewi Sibylla, unamwona mama amechanganyikiwa tu bila sababu. Ridley Scott, mwongozaji wa muvi, alimrudisha kwenye toleo refu. Na mimi nimemketisha mwalimu wa historia mbele ya ile fupi, dakika 144, wakati ndefu ina 190 hivi.

Jumatatu nikamrudia yule kijana. Ati faili kubwa liligoma kuingia, akaniwekea linaloingia. Sasa si ungesema? Flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, faili moja likizidi GB 4 halipiti. Angeifomati exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa, au angeniambia runinga yangu haisomi hiyo nilete kompyuta. Yeye akaona rahisi kubadili jina la faili. Mtu katoka Tukuyu! Hela nilishaisahau, hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo fungua faili pale pale kibandani, tazama muda wake. Ukikuta saa 2 na dakika 24, ondoka. Ukikuta saa 3 na ushee, bado sogeza mbele mpaka umwone mtoto wa Sibylla kwa macho yako. Ndipo ulipe. Jina la faili usiliamini, kiapo cha muuzaji usikiamini. Dakika, mkuu, dakika!

Inchi 32 inatosha.

Mzee anakuja tena mwezi ujao. Faili nimeshalikagua mara mbili, saa 3 na dakika 10, na mtoto yupo.