Bingwa wa Mita 10,000 Aliyeuawa Palmiry

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba bingwa mmoja wa Olimpiki wa mita 10,000 aliuawa na Manazi kwa kujiunga na harakati za siri. Ni nani huyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Bila shaka unamkusudia Janusz Kusociński wa Poland, ambaye mwaka 1932 mjini Los Angeles alishinda mbio hizo kwa dakika 30 na sekunde 11.4, akiwapokonya Wafini taji walilolishikilia tangu 1912, ingawa ni haki kukumbusha kwamba Paavo Nurmi, gwiji wao, alikuwa amezuiwa kushiriki. Wajerumani walipoivamia nchi yake mwezi Septemba 1939, alijitolea kuilinda Warsaw, akajeruhiwa. Mji ulipotekwa, mtu aliyewahi kushangiliwa na maelfu uwanjani akawa mhudumu wa baa, huku akishiriki upinzani wa chini kwa chini. Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, walimkamata Machi 1940. Tarehe 21 Juni alipigwa risasi katika msitu wa Palmiry, akiwa na umri wa miaka 33. Siku hiyohiyo aliuawa humo Maciej Rataj, spika wa zamani wa bunge. Tangu 1954, Poland huandaa mashindano ya riadha ya kumkumbuka Kusociński.