Maswali ya Wasomaji: Almasi za kujiokotea Arkansas

SWALI: Mhariri, nasikia Arkansas, Marekani, kuna hifadhi ya jimbo ambako unalipa kiingilio, unachimba almasi na kuondoka nayo. Ni kweli au utapeli wa mitandaoni? Twende na vifaa gani? – Mama Watatu, Houston

JIBU: Ni kweli, Mama Watatu. Hifadhi inaitwa Crater of Diamonds, nje kidogo ya mji wa Murfreesboro. Mkulima John Huddleston aliokota almasi shambani kwake hapo mwaka 1906. Makampuni yalijaribu kuchimba kibiashara, hayakufika mbali, na mwaka 1972 jimbo likaligeuza eneo hilo kuwa hifadhi. Mnatafutia kwenye shamba lililolimwa la ekari 37 hivi, juu ya mdomo wa volkano iliyozimika zamani sana. Almasi za mgodi wa Mwadui, Tanzania, nazo zilipandishwa juu na volkano, ila kule Shinyanga usijaribu kuingia na beleshi lako bila leseni!

Almasi kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana Marekani ilitoka hapo mwaka 1924: karati 40.23, yaani gramu 8 na kidogo. Hata hivyo msipige hesabu ya kurudisha pesa ya petroli. Wageni wote kwa pamoja hupata wastani wa almasi moja au mbili kwa siku, na nyingi hazizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Kateni tiketi mapema, maana za siku zina kikomo.

Chukueni beleshi dogo, ndoo na machekeche mawili: la juu lenye matundu ya milimita 6, la chini milimita 1.5 hivi. Vifaa vinakodishwa hapohapo. Vya kuchimbia vyenye mota au betri ni marufuku. Udongo wa pale ukilowa unakuwa tope zito, kwa hiyo loweka kwanza, uvunje mabonge kwa vidole. Bonge usilolivunja unaweza kulitupa na almasi ndani yake.

Kinachobaki chekeche la juu kikague, kisha mwaga. La chini lisivuke nusu. Lizamishe kwenye maji, litikise kushoto na kulia, kisha lipandishe na kulishusha taratibu, huku ukilizungusha robo kila mara. Almasi ina uzito mara 3.5 ya maji, kwatsi (quartz, jiwe la kawaida linalofanana na kioo) mara 2.65 tu, ndiyo maana mawe mazito hushuka na kukusanyika katikati. Baada ya dakika mbili tatu lipindue mezani kwa mkupuo mmoja. Yaliyokuwa chini sasa yako juu, katikati. Anza kutazama hapo. Wanaokosa mara nyingi hujaza chekeche hadi pomoni, au hulichomoa majini kwa pupa, mawe yakachanganyika upya.

Watoto wakichoka kuchekecha, na watachoka, waache watembee juu ya matuta, jua likiwa mbele yao. Siku jua linapotoka baada ya mvua kubwa ndiyo bora: maji yameosha vumbi, na udongo haushiki kwenye almasi, kwa hiyo inang'aa kutoka mbali.

SWALI: Nilitoka huko na kijiwe cheupe chenye pembe sita. Kinakwaruza kioo. Ni almasi? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Pembe sita na ncha kali ni dalili ya kwatsi, nayo inakwaruza kioo vizuri tu. Almasi ghafi ya pale huwa laini, ya mviringo, mng'ao wake kama umepakwa mafuta. Rangi ni nyeupe, kahawia au njano. Na tafadhali usiijaribu kwa nyundo: ugumu wa almasi ni wa kutokwaruzika, lakini ukiigonga inapasuka. Wafanyakazi wa hifadhi hukagua mawe bure, na ikiwa ni almasi wanaipima na kukuandikia hati. Kila mtu anaruhusiwa kuondoka na ndoo moja ya lita 19 ya changarawe iliyochekechwa kwa siku, kwa hiyo anayeishiwa muda amalizie kukagua nyumbani.