Re: Watoto 20 (miaka 8–12), siku moja ya kutazama ndege hori ya Mida, Watamu, pwani ya Kenya: tuanze saa ngapi, darubini ngapi?

Anza na jedwali la maji kujaa na kupwa, si saa. Maji yakitoka, ndege wako mbali topeni na watoto wataona vidoa tu. Yakianza kujaa huwasukuma karibu na mikoko, kwa hiyo fikeni muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa kabisa. Kwa asubuhi, chagua siku za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) hujaa alfajiri na jioni, haifai kwa safari yenu. Oktoba hadi Machi ndio wakati wenyewe: mtafute yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa (kwa Kiingereza crab-plover), ambaye kwao Arabuni hutaga shimoni mchangani. Watoto humpenda sana!

Darubini 10 zinatosha, moja kwa wawili, za kukuza mara 8. Za mara 10 hutikisika mikononi mwao. Mtoto akisema anaona duara mbili, zikunje zaidi, macho yake yamekaribiana. Zisipokunjika vya kutosha, atumie jicho moja. Wafundishe kwanza kwa kibao kisichotembea: macho yasibanduke, darubini ndiyo ipande.

Kwenye daraja la mbao wapite watano watano, bila kukimbia. Na maji ya kunywa, lita moja na nusu kila mtoto.