Umelipia megabiti 300, mbona zinafika 94?

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Amelipia intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde, lakini akipakua faili kompyuta inamwonyesha 11 na ushei. "Nimeibiwa," anasema. Ndugu yangu, hujaibiwa. Mtoa huduma anauza kwa biti, kompyuta inahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 100 kwa 8 upate megabaiti 12.5, kisha toa kidogo kinacholiwa na anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti ya data. Hiyo 11 yako ni halali.

Uchungu wako naujua, maana mimi hesabu hiyo niliifahamu na bado niliaibika. Nilikuwa nimehamia kifurushi cha megabiti 300. Nikapima: 94. Nikapima usiku wa manane: 94. Nikampigia kijana wa huduma kwa wateja, nikamfokea na kumwita mwizi. Akanijibu kwa upole, "Laini yako huku naiona iko sawa." Nikamkatia simu.

Wiki mbili baadaye namba yenyewe ndiyo iliyonishtua. Msongamano hupandisha na kushusha kasi, hauigandishi pale pale mchana na usiku. Na 94 ni kasi inayojulikana sana: ndiyo inayobaki pale kifaa au waya unapoishia megabiti 100. Nikachomoa waya wa ruta, nikakitazama kichwa chake kwenye mwanga. Nyaya 4 tu ndizo zilizounganishwa, na ili kuvuka megabiti 100 kwa waya wa kawaida zinatakiwa zote 8. Nikaweka waya mpya. 287! Nililigundua mwenyewe, bila fundi, na hadi leo najivunia.

Kwa hiyo pima kwa waya kabla ya kulaumu. Wi-Fi ya masafa ya redio ya 2.4 GHz hupenya kuta lakini ni ya polepole na majirani wote wamo humo. Ya 5 GHz ina kasi ila hufifia haraka ukienda mbali. Pima asubuhi, pima na jioni watu wakiwa wanatazama video, uandike namba. Lisome tangazo pia: neno "hadi" mbele ya 300 lina maana 300 ndiyo kilele, si ahadi ya kila saa. Tuache kufoka bila ushahidi, jamani. Pima kwa waya kwanza, halafu dai haki yako.

Nilipiga tena ili nimwombe radhi yule kijana. Alipokea mwingine.