Kabla ya Kununua Kampavani, Ipandishe Kwenye Mizani

Huu ni mwaka wa nne tangu mimi na mke wangu tuanze kumiliki kampavani, yaani gari la mizigo lililogeuzwa kuwa nyumba ndogo ya kusafiria, lenye kitanda, jiko, friji, choo na hita. Tunaishi karibu na mji wa Kassel, katikati ya Ujerumani, na gari letu limejengwa juu ya Fiat Ducato, kama yalivyo mengi ya aina hii barani Ulaya. Ndugu na marafiki wanaozungumza Kiswahili, wa huku na wa Uingereza, hutuuliza kila mara kama inafaa kununua gari la namna hii. Jibu langu huwa refu kuliko simu inavyoruhusu, ndiyo maana nimeona niliandike.

Inafaa, tena sana. Lakini wengi niliowaona wakijuta walilichagua gari kwa macho. Kwenye ukumbi wa maonyesho kampavani huwa tupu: taa zinawaka, mito imepangwa kitandani, tangi halina maji, mtungi wa gesi haupo, wala hakuna viatu vyenye matope mlangoni. Usiku wa kwanza wa mvua, watu wawili wakiwa ndani na nguo zao mbichi, ndipo mtu anapogundua alichokinunua.

Naanza na uzito, kwa sababu ndilo jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Leseni ya daraja B inakuruhusu kuendesha gari ambalo uzito wake wa juu ulioidhinishwa, pamoja na watu na mizigo yote, hauzidi kilo 3,500, na kampavani nyingi husajiliwa kwa kiwango hicho hicho. Kijitabu cha mauzo kitakuonyesha uzito wa gari "tayari kwa safari", nawe utatoa hesabu na kufurahi kwamba zimebaki kilo mia tano au mia sita za kupakia. Soma maandishi madogo. Uzito huo unamhesabu dereva mmoja wa kilo 75 na mafuta asilimia 90 ya tangi, lakini maji mara nyingi huhesabiwa lita 20 tu, hata kama tangi linabeba 100. Isitoshe, kiwanda kinaruhusiwa kupishana na namba hiyo kwa asilimia 5, na katika gari la kilo 2,900 hiyo ni kilo 145. Turubai la kivuli la pembeni, kibebeo cha baiskeli, betri ya pili na paneli za sola, vyote vinakatwa kwenye kile ulichodhani ni nafasi yako.

Sisi tulilijua hili kwa kuchelewa. Siku moja kabla ya safari yetu ya kwanza ndefu, ya kwenda Kroatia, tulipita kwenye mizani ya ghala la wakulima wa jirani, pale matrela ya nafaka yanapopimwa, tukiwa tumejaza kila kitu: maji lita 100, mitungi miwili ya gesi, baiskeli mbili nyuma, gunia dogo la mchele, makopo ya tui la nazi, na kinu cha mawe ambacho mke wangu hakutaka kukiacha. Namba zilipanda, zikasita, zikasimama kwenye 3,580. Tulikaa kimya ndani ya gari kwa muda. Jioni ile tulifungua koki na kuyamwaga maji mpaka yakabaki lita 20, tukaacha mtungi mmoja nyumbani, na kinu kikarudi jikoni. Asubuhi tulipita tena pale ghalani, na mizani ikasoma chini ya 3,500.

Ukienda kupima, nenda na watu wote watakaosafiri, tangi la mafuta likiwa limejaa, kisha omba ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, ipimwe peke yake. Baiskeli zinazoning'inia nyuma ya milango hukandamiza ekseli hiyo kuliko uzito wake halisi, na gari linaweza kuwa ndani ya kilo 3,500 huku ekseli ya nyuma imezidi. Gari lililozidi uzito huchelewa kusimama ukikanyaga breki, tairi zake huchemka, na polisi wa Austria na Uswisi wanalijua hilo vizuri. Tangu siku ile tunasafiri na maji kidogo na kujaza tunapofika.

Kuhusu urefu, Ducato za kampavani huja kwa mita 5.41, 5.99 au 6.36. Yetu ni ya 5.99, na kitanda chake kimekaa kwa upande, kutoka ukuta mmoja wa gari hadi mwingine. Hiyo maana yake ni kwamba anayelala upande wa nyuma hawezi kwenda chooni usiku bila kumruka mwenzake. Kwa vijana wanaolala fofofo si tatizo. Kwetu sisi tunaoamka usiku, ningeijua mapema ningechukua ya mita 6.36 yenye vitanda viwili vya urefu na njia katikati. Lala kitandani hapo hapo dukani, kwa robo saa nzima, wote wawili, wala msimwonee haya muuzaji. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga alishindwa kabisa kukipanda kitanda, kwa kuwa kiko juu ya sehemu ya mizigo na ngazi yake ni nyembamba kama rula. Aliniambia, "Mwanangu, mimi si wa kukwea mnazi tena." Fundi seremala wa jirani alitutengenezea kisanduku cha mbao chenye stepu mbili pana, na sasa hata sisi hatukiachi. Anayeishi mjini na anataka gari hilo hilo limpeleke kazini aangalie Volkswagen California, ambayo ina urefu wa karibu mita 4.9 hadi 5.2, kutegemea toleo, na kimo cha chini kidogo ya mita 2, hivyo inaingia kwenye maegesho mengi ambayo yetu haiwezi hata kuyakaribia. Lakini haina chumba cha choo.

Jambo la pili ambalo nimelisomea kwa vitendo ni baridi. Tulikuwa tumelala kando ya bwawa la Edersee, mwishoni mwa Oktoba, tukiwa tumeizima hita kwa kuwa mablanketi yalitutosha. Saa tisa usiku niliamshwa na sauti ya maji yakimwagika chini ya gari, pamoja na mngurumo wa pampu. Nilitoka na tochi nikiamini kwamba bomba limepasuka. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kimrija kidogo chini ya sakafu, safi kabisa, yakitiririka kuelekea kwenye nyasi zilizoanza kuweka umande wa barafu. Kumbe ni vali ya kinga, ambayo hufunguka yenyewe pale joto linalolizunguka tangi la maji moto linaposhuka hadi karibu nyuzi 3, ili maji yatoke kabla hayajaganda na kulipasua. Vali ilikuwa imefanya kazi yake. Kosa lilikuwa langu: sikuzima pampu, nayo ikaendelea kusukuma maji ya tangi kubwa yakafuata njia hiyo hiyo, hadi tangi likakauka. Nilijaribu kuifunga vali ikakataa, kwa sababu haifungiki mpaka pawe na joto la nyuzi 7 hivi. Tulipiga mswaki kwa maji ya chupa.

Kwa hiyo kuanzia Oktoba tunazima pampu kila usiku, tunaacha hita kwenye nyuzi 12 au 13, na kabla ya baridi kali ya Desemba tunamwaga maji yote, tunafungua koki zote na kuziacha wazi. Gesi nayo ina tabia yake: butani karibu na nyuzi sifuri hukataa kugeuka mvuke, kwa hiyo mtungi waweza kuwa mzito na jiko lisiwake, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Wakati wa baridi uliza kilichomo ndani ya mtungi. Viungio vya mitungi pia hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo safari ndefu inahitaji adapta, na kumbuka kwamba hapa Ujerumani mfumo wa gesi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Sasa naomba nisikilizwe kwa makini. Sisi tumekulia kwenye nyumba za mkaa, na wengi wetu tunapenda kuchoma nyama tunapofika kambini. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari hata mara moja, hata likionekana limezimika, hata likiwa na majivu matupu, hata kama ni la kuondoa baridi kwa dakika tano. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha gari ni kidogo mno. Plati za jiko la gesi zisitumike kupasha joto gari. Matundu ya hewa ya sakafuni na darini yasizibwe kwa taulo ati baridi inaingia, kwa sababu yamewekwa hapo ili mpumue. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi, ukifunge karibu na kitanda, na ukijaribu kila safari.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoliokoa gari na unyevu. Watu wawili waliolala hutoa maji mengi kwa pumzi zao, na asubuhi vioo vya mbele hutoka jasho mpaka likachuruzika kwenye dashibodi. Tunafungua tundu la paa kidogo hata mvua ikinyesha, tunainua godoro kila asubuhi ili chini yake pakauke, na chai ya maziwa, yenye iliki na tangawizi, huchemka mlango ukiwa wazi. Maandazi na samaki wa kukaanga hupikwa nje, kwa sababu harufu ya mafuta ikiingia kwenye kitambaa cha dari haitoki msimu mzima.

Umeme hauna haja ya maneno mengi. Betri ya kisasa ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba takriban wati-saa 1,280 na unaweza kuutumia karibu wote, ilhali ile ya kawaida ya madini ya risasi, ya ukubwa huo huo, inaumia ukipita nusu. Friji ya kompresa ndiyo mlaji mkubwa. Kiangazi paneli ya paani hututosha kwa siku nyingi bila kuchomeka popote. Desemba, jua la Ujerumani likiwa chini na mawingu yamefunga, haitupi hata sehemu ya kumi ya hiyo. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo hakikisha imefungwa ndani, mahali penye joto. Birika la umeme na mikrowevu viache nyumbani.

Suala la mahali pa kulala huwachanganya wengi wanaotoka kwetu, ambako mtu huomba ruhusa kwa mwenye shamba na yakaisha. Hapa Ujerumani unaruhusiwa kulala usiku mmoja kwenye maegesho halali ili kupumzika na kuweza kuendelea na safari, lakini ukitoa viti na kukunjua turubai, hiyo tayari ni kambi, na si ruhusa. Msidanganywe pia na habari za Uskoti: sheria yake ya mwaka 2003 inampa haki mtembea kwa miguu na mwenye hema, haimpi mwenye gari. Sisi hulala zaidi kwenye viwanja vidogo vya manispaa, ambavyo mara nyingi hutoza kati ya euro 8 na 20 kwa usiku na huwa na maji, umeme na mahali pa kumwaga kaseti ya choo, yaani kitangi cha uchafu kinachochomolewa chini ya choo. Kaseti yetu, kwa watu wawili, hujaa kwa siku mbili hadi tatu, nayo humwagwa hapo na si kwingine, iwe vichakani au kwenye mfereji wa mvua.

Ndugu wa Kenya wameniuliza kama ningelipeleka gari kama hili nyumbani. Kenya hairuhusu gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo gari la Ujerumani halifai. Na kwa barabara za vumbi ningependelea Hiace iliyotengenezwa na fundi wa huko huko.

Raha yetu kubwa haikutokana na Kroatia. Imetokana na Ijumaa za kawaida tunapotoka kazini saa kumi, tukaendesha saa mbili au tatu, tukalala kando ya mto Weser au, tukiwa na nafasi, Mosel, na asubuhi tukafungua mlango wa pembeni tukiwa bado na blanketi miguuni, vikombe mkononi, meli za mizigo zikipita polepole hivi kwamba unaona nguo zilizoanikwa nyuma ya chumba cha nahodha. Mwenye gari analosafiri nalo mara moja kwa mwaka analilipia bima, kodi na ukaguzi kwa ajili ya wiki tatu tu za matumizi. Kama huwezi kutoka mara kwa mara, kukodi kutakugharimu zaidi kidogo kwa siku, lakini pungufu sana kwa mwaka.

Hata anayeazimia kununua na akodi kwanza, na asikodi Julai. Akodi Novemba, bei ikiwa imeshuka, kwa siku nne. Apike humo anachopika nyumbani, wali wa nazi na mchicha, aoge humo, anayelala nyuma aamke usiku aende chooni, na kaseti aimwage kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya kulirudisha gari, apite kwenye mizani.